Ukitafuta 'Wema' unampata Sepetu: Namna ya kuunda tovuti ya biashara inayosomeka

Chukua simu, fungua Google, andika neno moja tu: Wema. Kuna uwezekano mkubwa utakayemwona kwanza ni Wema Sepetu, mwigizaji wa Bongo aliyevishwa taji la Miss Tanzania mwaka 2006. Shuka kidogo, utakutana na Wema Bank, benki ya Nigeria iliyoanzishwa 1945 ambayo haina habari kabisa na sisi. Halafu zinafuata mahubiri, methali na picha za maua zenye maneno ya kutenda wema na kwenda zako. Kijiji cha Wema, kile kilicho kando ya Mto Tana karibu na Garsen, kiko huko chini ambako kidole cha mtu huwa hakifiki.

Haya, ongeza maneno "Tana Delta". Sasa unapata mafuriko. Unapata pia mapigano ya 2012, maana huo ndio wakati wanahabari wengi walifika kwetu. Habari hizo ni za kweli na hakuna haja ya kuzificha. Lakini mfanyabiashara wa Kongowea anayetafuta embe za kununua hawezi kujua, kutokana na hayo yote, kwamba huku kuna miembe inayoangusha matunda mpaka watoto wanachoka kuyala.

Kazi ya tovuti ya biashara ni hiyo hapo. Sio kupamba. Ni kumpa mtu asiyekujua, aliye zaidi ya kilomita 200 kutoka kwako, kile anachotaka kujua kabla hajaamua kumpigia mwingine. Na embe haingoji. Ikishaiva una siku chache tu mkononi, na dalali anayesimama chini ya mwembe wako anazihesabu hizo siku kuliko unavyozihesabu wewe. Kama yeye ndiye mnunuzi pekee anayejua uko wapi, bei anapanga yeye, wewe unaitikia.

Vijana wengi wa Garsen, Hola na Malindi ninaowajua wakianzisha biashara, kitu cha kwanza ni till ya M-Pesa, cha pili ni kumtafuta mtu wa kuwaundia tovuti. Wanalipa. Tovuti inaundwa, inatumwa kwenye magrupu yote ya WhatsApp, watu wanapiga makofi. Halafu simu hailii.

Nina binamu Wema, mtoto wa shangazi yangu, ambaye miaka michache iliyopita alimlipa fundi mmoja wa mjini amtengenezee tovuti ya kuuzia embe. Jina la fundi nalimeza. Ukiifungua, kwanza kuna kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Ukivumilia, inatokea picha kubwa ya embe nyekundu zimepangwa juu ya mbao, embe ambazo hata mtoto wa chekechea pale kijijini angekwambia si za huku. Kabla hujamaliza kuitazama, picha inajisukuma yenyewe na kuleta wazungu wawili waliovaa suti wakipeana mikono. Inakuja ya tatu: trekta kwenye shamba la ngano. Ngano, Tana River! Chini yake kuna maandishi: "Karibu katika tovuti yetu rasmi. Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma bora zenye viwango vya juu kwa wateja wetu wapendwa."

Nikamuuliza, "Kaka, hapa umeandika unauza nini?"

"Si embe."

"Imeandikwa wapi?"

Akaskrol. Akaskrol tena. Neno embe lilikuwa ukurasa wa tatu, ndani ya faili ya PDF ambayo lazima uipakue ndipo uisome.

Dawa yake haikuhitaji kompyuta. Nilimwambia achukue daftari, na kila anapopigiwa simu kuhusu mzigo, aandike swali alivyoulizwa, neno kwa neno. Wiki mbili. Daftari liliporudi lilikuwa na maswali mengi, lakini ukiyachambua yalikuwa yale yale tu yanajirudia. Ni ngowe ama ni apple? Wema ndio wapi? Gari linafika? Hiyo bei ni ya embe moja ama ya kilo? Mzigo uko sasa hivi ama mpaka mwezi ujao? Na lile ambalo watu huliuliza kwa kuzunguka zunguka: nikituma pesa, nitajuaje hamtanila?

Hakuna hata mmoja aliyeuliza maono na dhamira ya kampuni.

Basi hapo una tovuti yako tayari. Ukurasa wa mwanzo ni majibu ya hayo maswali, kwa mpangilio ule ule ambao watu huyauliza, kwa maneno yale yale wanayotumia. Ukiwa unauza samaki wa Kipini, mikeka, mchele, ama unaendesha gereji pale Minjila, maswali yatabadilika lakini njia ni hii hii. Fundi hawezi kukujulia hayo. Yeye hapigiwi simu, unapigiwa wewe. Ukimpa fundi kazi bila maneno, atayajaza mwenyewe, na ndio maana nusu ya tovuti za biashara Kenya zinasomeka kama zimeandikwa na mtu mmoja aliyechoka.

Kuna mtafiti mmoja wa Denmark, Jakob Nielsen, aliyetumia maisha yake kuangalia watu wanavyotumia kompyuta. Mwaka 1997 aliandika kwamba kati ya watu aliowachunguza, asilimia 79 walipitisha macho tu juu juu kwenye kila ukurasa mpya, na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Hiyo ilikuwa kabla ya simu zetu hizi, watu wakiwa wamekaa kwenye kiti mbele ya meza. Sasa mfikirie mnunuzi wako: yuko kwenye matatu, mkono mmoja ameshika chuma, mwingine ameshika simu, na kuna meseji tatu za WhatsApp zinamwita. Huyo hasomi. Anaokota maneno. Ukimwekea "huduma bora zenye viwango vya juu" hana cha kuokota.

Sehemu ya kwanza ya ukurasa, ile inayoonekana kabla mtu hajasukuma kidole, ndio duka lenyewe. Ya binamu yangu sasa hivi inasema hivi, na nakunukulia kwa ruhusa yake:

"Embe ngowe na apple kwa bei ya jumla. Wema, karibu na Garsen, Tana River. Tunauza kwa kreti na kwa lori. Msimu mkubwa: Novemba hadi Machi. Kiangazi lori linafika shambani. Mvua ikikata njia, mzigo tunauleta Garsen mjini."

Chini yake kuna vitufe viwili tu: Piga simu, na WhatsApp. Ukigusa cha kwanza, simu inapiga. Ukigusa cha pili, gumzo linafunguka. Hakuna kunakili namba, hakuna kutafuta kalamu. Hiki ni kitu kidogo ambacho fundi yeyote anakiweka kwa dakika mbili, lakini utashangaa ni tovuti ngapi zina namba ya simu iliyochorwa ndani ya picha, haiguswi wala hainakiliki. Vitufe viwe vikubwa. Google wanashauri angalau vipimo 48 kila upande, ambavyo ni kama ukubwa wa ile sehemu ya ncha ya kidole inayogusa skrini. Kitufe kidogo kama punje ya mchele kinamfanya mteja abonye kingine, arudi, akasirike, aondoke.

Tukija kwa lugha, hapa nina maneno mengi kidogo, manake watu wanaidharau.

Kwanza, chagua lugha ya anayenunua. Mchuuzi wa Malindi na wa Kongowea anaongea Kiswahili, mpe Kiswahili. Mwenye kampuni ya kusafirisha nje atataka Kiingereza, mpe ukurasa wake wa pili. Usichanganye zote mbili ndani ya sentensi moja kama tunavyoongea stejini. Stejini tunaelewana kwa mikono na uso, kwenye skrini hakuna uso. Na usiibandike kazi kwa mashine ya kutafsiri halafu uende kulala. Mfano wa saa pekee unatosha kukuumiza. Mzungu akiandika anafungua 8 hadi 5, mashine inakupa "tunafungua saa 8 hadi saa 5". Kwa Mswahili hiyo ni saa nane mchana hadi saa tano usiku. Mnunuzi anayetaka kupakia mapema kabla jua halijawaka anakuona huna maana. Andika "saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni", na neno asubuhi usiliache hata siku moja.

Pili, vipimo. Kwetu embe huuzwa kwa moja moja, kwa ndoo, kwa gunia, kwa kreti, kwa lori zima. Gunia la huyu si gunia la yule. Kama unasema bei kwa kreti, andika kreti moja inabeba kilo ngapi, na uweke picha ya kreti yenyewe ikiwa imejaa. Bei isiyo na kipimo inazaa ugomvi, na ugomvi kwa simu unakula muda wako na wa mteja.

Halafu Kiswahili chetu kina maneno marefu. "Tutakayokuletea" ni neno moja, lakini kwenye simu ndogo linakula nusu ya mstari. Ukipanga maneno kama hayo kwa maandishi makubwa ya kichwa, yanakatika vibaya ama yanatoka nje ya skrini. Kwa hiyo vichwa viwe vya maneno mafupi: Bei. Njia ya kufika. Mzigo uliopo. Agiza. Kitendo kimoja, kitufe kimoja. Aya ikizidi mistari minne kwenye simu, ivunje.

Na kuna lile la embe na maembe. Sisi tunasema embe, mwingine anatafuta maembe, wa Nairobi anaandika mangoes. Yote matatu yatokee mahali fulani katika maandishi yako, kwa kawaida tu, bila kurundika maneno ishirini chini ya ukurasa kama karanga. Muhimu zaidi ni kichwa cha ukurasa, yale maneno ambayo Google huyaonyesha kama kiungo mtu anapotafuta. Kikiwa "Mwanzo" ama "Karibu", umejizika. Kikiwa "Embe za jumla kutoka Wema, Garsen, Tana River", umemkwepa Sepetu na umeikwepa benki ya Nigeria kwa mpigo mmoja. Neno Garsen hapo ndio linafanya kazi. Mtu wa mbali huenda hajui Wema, lakini dereva yeyote wa lori wa barabara ya Malindi kwenda Garissa anaijua Garsen.

Vijiji vyetu havina majina ya mitaa wala namba za nyumba, kwa hiyo "njia ya kufika" iandike kama unavyomwelekeza mgeni kwa simu: ukifika Garsen, geuka wapi, ni dakika ngapi, uulize nini. Ongeza alama ya ramani ya Google. Kuna pia Plus Code, herufi na tarakimu chache ambazo Google hutoa kwa sehemu yoyote duniani hata kama haina anwani. Unamtumia dereva na anafika chini ya mwembe wako kabisa.

Sasa uzito. Fungua tovuti yako ukiwa Nyali na Wi-Fi ya ofisi, kila kitu kinapendeza. Ifungue ukiwa umetoka Garsen mjini, pale 4G inapogeuka 3G, halafu inageuka ile E ambayo huijui hata maana yake. Picha moja iliyopigwa na simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti nne. Weka kumi, hizo ni megabaiti 40. Umemwambia mteja atumie bando lake la siku kutazama embe ambazo bado hajanunua. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana na kubanwa, ama zikigeuzwa kuwa muundo wa WebP ambao Google waliutoa 2010, zinashuka hadi kilobaiti mia moja kila moja, yaani zote kumi ni megabaiti moja. Jicho kwenye simu halitaona tofauti. Mfuko utaiona.

Google wenyewe walichapisha mwaka 2016 kwamba zaidi ya nusu ya wanaofungua tovuti kwa simu, asilimia 53, huiacha ikichukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Zile picha zinazozunguka zenyewe, video inayoanza bila kuombwa, kidirisha kinachoruka kukuomba barua pepe hata hujajua duka ni la nini: kila kimoja kinakula sekunde. Mimi ningevitupa vyote. Mafundi wanavipenda kwa sababu mwenye biashara akivionyeshwa ofisini anafurahi na kulipa. Lakini yeye si mteja wa tovuti yake mwenyewe.

Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, tulifundishwa kuchora ukurasa kwenye kompyuta kubwa kwanza halafu kuupunguza uingie kwenye simu. Siku hizi kazi inaenda kinyume chake. Tangu Mmarekani Ethan Marcotte aeleze mwaka 2010 namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojikunjua na kujikunja kulingana na skrini, hakuna sababu ya tovuti kumlazimisha mtu avute kwa vidole viwili ili asome. Fundi akikuletea kazi, usikubali aifungue kwenye laptopu yake. Toa simu yako wewe, afadhali ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, toka nje juani saa saba mchana, na usome.

Hilo la jua nalisisitiza. Siku hizi kuna mtindo wa maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, eti ni ya kisasa. Juani Garsen hayo maandishi hayapo. Wataalamu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, wanataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na kuna vifaa vya bure mtandaoni vya kuipima. Kwa lugha ya kawaida: maandishi meusi, nyuma peupe, herufi zisiwe ndogo kuliko 16. Rangi ya nembo yako tumia kwenye vitufe, inatosha. Sina la zaidi kuhusu rangi.

Kuna mstari mmoja kwenye tovuti ya binamu yangu ambao sijauona kwingine, na kwangu mimi ndio bora kuliko yote. Uko juu kabisa, una tarehe, na unasema hali ya njia. "Jumanne: njia iko sawa, lori la tani kumi linaingia." Ama: "Mto umefurika, tunapakia Garsen." Anaubadilisha kwa simu yake akiwa shambani. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na tena yale ya Aprili na Mei 2024, yalifunika mashamba na kukata barabara za huku, ikiwemo ile ya kwenda Lamu. Mwenye lori wa Mombasa anayakumbuka. Hawezi kuchoma mafuta safari yote hiyo kwa kubahatisha. Ukimwambia ukweli siku ambayo huwezi kumuuzia, siku unayomwambia njoo atawasha gari.

Ndio maana naona picha za kuazima ni hasara. Mnunuzi wa embe anaijua ngowe, lile tunda refu lisilo na nyuzi, kama anavyomjua mtoto wake. Akiona embe nyekundu za nchi nyingine kwenye tovuti yako, anajiuliza nini kingine si chako. Piga picha zako asubuhi kabla jua halijawa kali, embe mkononi ili ukubwa uonekane, mwembe nyuma, na uso wa mtu mmoja anayehusika na biashara, kama ameridhia.

Uso huo unajibu lile swali la mwisho la daftari, la kuliwa pesa. Kenya tumetumia M-Pesa tangu 2007 na tumetapeliwa kwayo vya kutosha. Kila mtu ana hadithi. Andika kwenye tovuti namba ya till pamoja na jina kamili litakalotokea mtu anapolipa. Kama biashara inaitwa hivi na till inatokea na jina la shemeji yako, eleza, ama badilisha. Eleza pia pesa inalipwa lini: kiasi gani kabla, kiasi gani mzigo ukishapakiwa, na embe zikioza njiani hasara ni ya nani. Watu wengi huogopa kuandika hilo la hasara. Mteja analiwaza hata usipoliandika.

Na kama unaweka fomu ya watu kuacha namba zao, omba jina na namba tu, na useme utazifanyia nini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba za wateja si za kumpa rafiki yako anayeuza viatu.

Najua swali lako. Mbona nisikae tu na WhatsApp na TikTok, ni bure? Kusema kweli, kama wateja wako wote ni wa Garsen na mnajuana, kaa huko huko, pesa ya tovuti nunulia kreti. Tovuti ni ya kumfikia usiyemjua. Ila ukumbuke kwamba kule umepanga chumba, na mwenye nyumba ana funguo. Jioni ya Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na aliyekuwa na oda humo alikaa gizani nayo. Google nao walikuwa wakiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure ndani ya wasifu wao wa biashara. Machi 2024 walizifunga zote. Wasifu ulibaki, na ni mzuri, ufungue leo maana ni bure na ndio unakuweka kwenye ramani. Lakini zile tovuti zenyewe hazipo tena.

Kwa hiyo nunua jina lako mwenyewe. Majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC na kuuzwa na kampuni walizoziidhinisha, la.co.ke huwa takriban shilingi elfu moja kwa mwaka, zaidi ama pungufu kulingana na unakonunua. Chagua linalotamkika kwa simu bila kutaja herufi moja moja. Na lisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, sio ya fundi. Nimeona biashara ya watu wazima ikikwama mwezi mzima kwa sababu aliyewaundia tovuti alihamia Qatar, na nywila zote alikuwa nazo yeye. Siku ya kumaliza kulipa, pokea nywila ya jina, ya seva na ya kubadilisha maandishi, ziandike, kisha ujaribu mwenyewe kubadilisha bei mbele yake. Ukishindwa, hajamaliza kazi.

Kubadilisha bei ndio kazi itakayobaki yako, na haichukui dakika tano. Bei ya Desemba ikibaki juu hadi Februari, atakayepiga simu atakuja na hesabu ya Desemba, na mazungumzo yataanza kwa kuvutana. Msimu ukiisha, usiifiche tovuti wala usiiache ikisema mzigo upo. Andika: "Embe zimeisha. Zinarudi Novemba. Acha namba yako tukupigie za kwanza zikianza kuiva." Mwaka huu binamu yangu ameandika hivyo wiki ya pili ya Machi, na daftari lile lile la maswali sasa lina ukurasa wa majina.